Ukili Ulioshonwa Kinyume: kuunganisha na kukagua jenomu za wanyama wa mwituni

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum. Nashukuru mmekuja kwa wingi saa hizi za alasiri. Nimeombwa nizungumze nusu saa na nisitie maneno ya maabara. La kwanza nitajitahidi, la pili tutaona.

Mimi ni mtoto wa Konde, nimelelewa na bibi aliyekuwa akishona mikeka. Wapo hapa mama zangu wanaoijua kazi hiyo kunishinda, basi wanisahihishe. Mkindu unachanwa chane, chane zinasukwa ukili, ukili unashonwa kwa shazia ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utoke. Kama ukili una nakshi, kipande kimoja ukikigeuza, nakshi inakatika na kila anayepita anaona.

Kuunganisha jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe, ni kazi ya aina hiyo hiyo. Popo wakubwa wa matunda, jamaa zake popo wetu wa Pemba, wana herufi za vinasaba kama bilioni mbili. Sisi binadamu tuna bilioni tatu na kidogo. Maandishi hayo yamo kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu, na hakuna mashine inayosoma kromosomu kubwa kama hizi kwa mkupuo mmoja toka ncha hadi ncha. Mashine inatoa chane. Zamani zilikuwa za herufi mia, mia na hamsini. Siku hizi zipo zinazosoma herufi 15,000 kwa mara moja bila kukosea hata moja katika elfu, na nyengine zinapitisha uzi kwenye kitundu kidogo zikasoma laki moja na zaidi.

Kinachotutesa ni marudio. Jenomu imejaa maneno yanayojirudia, na chane fupi iliyo marudio matupu huijui inakaa wapi kati ya mahala elfu. Ndiyo maana jenomu ya binadamu iliyotangazwa kukamilika 2003 ilikuwa na matundu. Asilimia 8 hivi ilikuja kujazwa 2022, na kromosomu Y ikangoja mpaka 2023. Na huyo ni binadamu, mwenye fedha zote duniani. Sasa mfikirieni paa nunga, yule paa mdogo adimu wa misitu yetu.

Mtu ataniuliza: vipande havitoshi? Kwa maswali mengine vinatosha. Lakini chukueni popo wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikadiriwa kubaki mia kadhaa tu kisiwa kizima, kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Watu wa Kidike na kwengineko wakawalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu kwa maelfu. Sasa, wote hawa wametoka kwa wazee wachache. Ndugu wakioana, mtoto anapata urithi ule ule kwa mama na kwa baba, na kwenye kromosomu panatokea masafa marefu, mamilioni ya herufi, ambapo nakala mbili zimefanana moja kwa moja. Masafa yakiwa marefu, kuoana huko ni kwa juzi. Yakiwa mafupi, ni kwa zamani. Jenomu yako ikiwa ni mfuko wa vipande vya herufi elfu ishirini, masafa ya milioni tano utayapimia wapi?

Kwa hivyo tunataka mkeka mzima. Chane ndefu zinatupa ukili, na ukili upi ukae na upi tunaujua kwa hila moja iliyochapishwa 2009. Kabla ya kuvunja seli, unaitia formalini. Sehemu za uzi zilizokaribiana ndani ya kiini zinagandana. Unakata, unaunga ncha zilizogandana, unasoma zimegandana nani na nani. Walio kromosomu moja hukutana mara nyingi kuliko wa kromosomu mbili, na majirani hukutana zaidi ya wote.

Matokeo unayachora kama ramani ya mraba, na panapokutana sana panatiwa wekundu. Mstari mwekundu unakwenda toka pembe hadi pembe, na juu ya mstari huo kila kromosomu ni mraba wake, kama vyumba vilivyofuatana. Nilipokuwa nafunzwa kazi hii ughaibuni nilipewa samaki wa mazoezi. Programu ilinitolea kromosomu ndefu, nikafurahi. Mwalimu wangu hakuzitazama hata namba. Alifungua ramani, akaweka kidole: pale mstari umekatika, na pembeni pametoka alama nyekundu mfano wa mbawa za kipepeo. Nikakata pale, nikakigeuza kipande, mstari ukanyooka. Herufi milioni nne zilikuwa zimeshonwa kinyume. Bibi angenichoma na shazia.

Lau ningeitoa vile, mwengine angekuja kuandika kwamba samaki huyu amegeuka kipande cha kromosomu, tofauti na binamu zake, na pengine ndiyo sababu hawazaliani. Kumbe aliyegeuka ni mimi. Na si kila mgeuko ni kosa, maumbile nayo hugeuza. Ndiyo maana unarudi kwenye chane zenyewe kutazama kama zipo zinazovuka mpaka ule bila kukatika.

Kipimo kinachosifiwa sana ni urefu wa vipande. Mimi sikiamini peke yake, kwa sababu ukiunga ovyo, urefu unapanda. Naamini zaidi vingine. Katakata chane zako katika vineno vya herufi 21. Neno lililomo kwenye mkeka na halimo kwenye chane limetoka wapi? Hilo ni kosa. Kiwango kinachokubalika ni kosa lisilozidi moja katika herufi 10,000. Halafu ziko jeni, yaani vifungu vya maandishi vyenye kazi mwilini, zaidi ya 9,000 ambazo karibu kila mamalia anazo, moja moja. Zikikosekana, pana tundu. Zikiwa mbili mbili, aghlabu ukili wa mama na ukili wa baba umeshonwa wote.

Na uchafu! Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba dubu-maji, kijidudu kisichofika hata milimita moja na nusu, amechukua sehemu ya sita ya jeni zake kwa bakteria na viumbe vyengine. Haikupita muda, kundi jengine lililomsoma mnyama yule yule likaonyesha kwamba nyingi ya hizo ni bakteria waliosomwa pamoja naye. Popo anakula embe, ana kupe, ana minyoo. Wote wataingia kwenye chane zake.

Kwetu hapa kazi inaharibika hata kabla ya kompyuta. Uzi mrefu unataka nyama mbichi au damu iliyogandishwa haraka. Ikiyeyuka, uzi unakatika vipande na hakuna mashine itakayourefusha. Mnaukumbuka umeme wa Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu giza. Kuna friza moja, ya pahala nisipopataja, iliyofunguliwa baadaye. Harufu yake bado ninayo puani.

Kwa popo wetu ningeanza na dume mmoja, kwa sababu dume ana kromosomu X na Y pamoja, na ningetaka damu, si kijipande cha ngozi kilichotobolewa ubawani peke yake.

Nimekuja na ramani moja ya yule samaki kwenye karatasi kubwa, iko mezani pale mlangoni. Ina makosa mawili niliyoyaacha makusudi. Mama zangu wa mikeka watangulie, wanafunzi wafuate.