Ishboshethi: Aibu Hii Aliipata Wapi?

Ndugu zangu, fungueni Samweli wa Pili 2:8. Sauli ameshakufa kule Gilboa. Abneri, jemadari wake, anamchukua mwana wa mfalme, anamvusha Yordani hadi Mahanaimu na kumtawaza. Ana miaka 40; atatawala miaka 2 tu. Jina lake Ishboshethi. Kwa Kiebrania ish ni mtu, bosheth ni aibu. Mfalme gani apate mtoto wa kiume amwite Mtu wa Aibu?

Wahubiri wengine husema jina lilitabiri mwisho wake, maana aliuawa adhuhuri akiwa amejipumzisha kitandani, kichwa chake kikapelekwa kwa Daudi Hebroni. Mimi sikubali. Nendeni Mambo ya Nyakati wa Kwanza 8:33, kwenye zile orodha za ukoo tunazozirukaga. Wana wa Sauli ni Yonathani, Malkishua, Abinadabu, na wa nne Eshbaali. Ni huyo huyo! Na mstari wa 34, mwana wa Yonathani ambaye Samweli anamwita Mefiboshethi, yule kiwete, hapa ni Merib-baali.

Sasa msishtuke mkisikia Baali. Kabla hatujafika kwa mungu wa Wakanaani, hilo ni neno la kawaida la Kiebrania: bwana, mwenye mali, mume. Wasomaji wa Kurani wanalo pia. Katika Sura Hud, aya ya 72, mke wa Ibrahimu anapomtaja mumewe mzee, neno ni ba'l. Basi Eshbaali ni Mtu wa Bwana. Bwana yupi? Wataalamu wanabishana, lakini nyumba iliyomwita mwana mwingine Yonathani, yaani Yahwe ametoa, siioni kuwa nyumba ya sanamu. Miongoni mwa mashujaa waliomfuata Daudi Siklagi yumo Bealia, na maana yake ni Yahwe ndiye baali. Mtu hawezi kusema wazi zaidi ya hapo.

Manabii walipokabiliana na ibada ya Baali, neno likachafuka. Hosea 2:16 inawakataza Israeli kumwita Mungu "Baali". Yeremia 11:13 inaweka Baali na aibu katika sentensi moja. Walionakili Samweli wakaona vibaya kulitamka, wakaingiza bosheth. Hata Gideoni, Yerubaali wa Waamuzi, anageuka Yerubeshethi katika 2 Samweli 11:21. Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa baadaye, ndicho kilichoacha majina ya zamani yalivyo. Nadhani orodha za ukoo hazikumsumbua mtu.

Na si karatasi tu. Huko Khirbet Qeiyafa, magofu ya mji wa kale nchini Israeli, juu ya Bonde la Ela, mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipata vipande vya mtungi wa miaka ipatayo 3,000. Walipoviunganisha, herufi za Kikanaani zikasomeka: Ishbaali mwana wa Beda. Taarifa ilichapishwa 2015. Huyu si mwana wa Sauli, baba zao ni tofauti, lakini jina ni lile lile na zama ni zile zile. Tena herufi zilichorwa udongo ukiwa bado mbichi, kabla ya mtungi kuingia tanuruni. Aliyeagiziwa mtungi wenye jina lake namna hiyo hakuwa mtu wa hivi hivi, na kwa jina la Baali hakuona haya yoyote.