Picha Kwanza, Stenti Baadaye

ZUHURA: Karibuni tena. Niko na mwenzangu Dkt. Idi, na leo ni saratani ya mirija ya nyongo, hasa upigaji picha wake. Daktari, mgonjwa amekuja macho ya njano, mwili unamwasha, choo kimepauka. Unaanzia wapi?

IDI: Ultrasaundi. Haina mionzi, na inajibu swali moja kubwa: je, mirija imetanuka? Mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7.

ZUHURA: Kuna wanaoambiwa uvimbe haukuonekana, wakarudi nyumbani wakishukuru.

IDI: Hapo roho huniuma, dada. Saratani hii mara nyingi haifanyi donge. Hutambaa kwenye ukuta wa mrija na kuubana polepole. Ndiyo maana natafuta mahali utanukaji unapokomea. Mirija ya ndani ya ini ikitanuka pande zote mbili, huku mrija mkuu ukiwa mwembamba na kifuko cha nyongo kimesinyaa, nashuku kizuizi kiko pale mrija wa kulia na wa kushoto wa ini inapokutana. Uvimbe wa hapo huitwa wa Klatskin, daktari aliyeueleza mwaka 1965. Kifuko kikiwa kimejaa na mrija mkuu umetanuka, nashuka chini, karibu na kongosho.

ZUHURA: Kumbe hata usipouona, unajua ulikojificha!

IDI: Nakaribia. Kisha CT, yaani eksirei ya kompyuta, yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, na picha nyingine baada ya dakika kadhaa. Uvimbe huu una nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo dawa huingia taratibu na kukawia kutoka. CT pia huonyesha kama mishipa ya damu ya ini imeguswa. MRCP, ambayo ni aina ya MRI, ile picha ya sumaku, hutumia umajimaji wa nyongo yenyewe kuchora mirija yote kama matawi ya mti.

ZUHURA: Na stenti, kile kijibomba cha kuzibua mrija? Ndugu wakiona manjano, hutaka mirija izibuliwe leo leo.

IDI: Nawaelewa kabisa. Lakini stenti ikitangulia, mirija husinyaa, ukuta wake huvimba, na picha haisomeki vizuri. Hatujui tena saratani inaishia wapi, na daktari wa upasuaji anategemea mpaka huo huo. Isipokuwa mgonjwa ana homa na kutetemeka. Hiyo huenda ni maambukizi ya mirija, hapo hatungoji picha kamili, tunazibua.

ZUHURA: Picha zikikamilika, tuseme ni saratani?

IDI: Bado. Kuna uvimbe wa kinga ya mwili, unaohusishwa na kingamwili iitwayo IgG4, unaofanana nayo sana, na huo hutibiwa kwa steroidi. Tunachukua chembe kwa brashi ndani ya mrija, kwa njia ya ERCP, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumbo mdogo, mrija unapofungukia. Brashi nayo hukosa mara nyingi. Jibu safi halitoshi kuiondoa saratani.

ZUHURA: Basi ndugu wa mgonjwa aulize nini kabla ya stenti?

IDI: "Daktari, CT na MRCP zimeshapigwa?" Aulize hivyo hivyo, bila kuona haya.