Jina la Mbwa: Halikuhusu

KOMBO: Tuko hewani? Haya. Tunaelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mimi leo nimekuja na mambo matano ya chanjo. Karatasi hii hapa. Kwa hiyo dada Salma, nakuomba—

SALMA: Kabla ya karatasi, nikuhadithie Jumamosi.

KOMBO: Basi tena, kipindi kimekwisha.

SALMA: Asubuhi nimemfunga Halikuhusu kamba ya katani, tukakata Barabara ya 13 mpaka kwenye chanjo. Foleni ya mbwa, watoto, mmoja kaleta paka ndani ya kapu la ukili. Zamu yangu ikafika. Bwana mifugo kainamia daftari, hata hanitazami. "Jina la mbwa?" Nikamwambia, Halikuhusu.

KOMBO: (anacheka) Yaa Rabi!

SALMA: Akainua uso. "Mama, nimekuuliza vizuri." Na mimi nimekujibu vizuri: Halikuhusu! Akaweka kalamu chini. "Linanihusu sana, ndiyo kazi niliyoajiriwa."

KOMBO: Na mbwa kila akisikia anatikisa mkia.

SALMA: Ndicho kilichoniokoa. Kijana wa nyuma yangu kapaza sauti, "Halikuhusu!" Mbwa akageuka. Foleni nzima kicheko.

KOMBO: Kosa lako. Mbwa unampa jina la fumbo, halafu unataka serikali ilielewe.

SALMA: Fumbo la jirani lile. Mtu kila asubuhi anakuuliza duka umefungua kwa hela ya nani. Ninunue kanga ya kumjibu kila wiki? Mbwa namwita jioni mara moja tu, ujumbe umefika.

KOMBO: Bibi yangu kule Mwambani alikuwa na wake, Mtasema Mtachoka. Jirani naye akafuga, akamwita Hatujachoka. Magharibi wakiwaita kula, ni taarabu bila ala.

SALMA: (anacheka) Acha!

KOMBO: Sasa kwenye kadi kaandika nini?

SALMA: "Hali Kuhusu." Maneno mawili. Utadhani mbwa anajuliwa hali.

KOMBO: Haya, karatasi. Jambo la kwanza: mtoto wa mbwa chanjo ya kichaa anachomwa akifika miezi 3, halafu—

SALMA: Halafu anarudishwa kila mwaka, najua. Kadi yangu ilipitiliza miezi miwili, nikasemwa mbele za watu. Ila sijamaliza. Nilikwenda na mbwa watatu.

KOMBO: Wewe una mbwa mmoja.

SALMA: Na wale koko wa nyuma ya mgahawa. Yule mweupe, sikio moja limeliwa nusu, na mwenzake. Nimewavuta kwa matumbo ya samaki mpaka mezani.

KOMBO: Mwenye mbwa ukaandikisha nani?

SALMA: Mimi.

KOMBO: Umejitia kitanzi. Kesho akimng'ata mtoto wa watu, kadi ina jina lako.

SALMA: Na akimng'ata hajachanjwa? Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna dawa, Kombo. Mtu anakufa. Wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ndipo ugonjwa ukose pa kupita. Utazifikisha 70 kwa hawa wa kufungwa kamba tu?

KOMBO: Hesabu sikatai, nakataa jina. Koko wachanjwe kwa jina la halmashauri.

SALMA: Halmashauri ndiyo iliyokuwa imekaa na kalamu, inataka jina.

KOMBO: Basi hapo ndipo pa kubishana, si kujibebesha. Mimi nimeshalipa kanzu! Mbwa si wangu, namtupia mifupa tu. Ijumaa akairarua kanzu ya mtu. Wazee wakauliza swali moja: nani anamlisha?

SALMA: Kanzu inanunuliwa.

KOMBO: Usinifanye mtu wa kuthamini kanzu kuliko mtoto.

SALMA: Sijasema hivyo.

KOMBO: Sauti yako imesema.

(Kimya.)

SALMA: Mwakani nitawapeleka tena.

KOMBO: Na mimi nitakwambia haya haya.

SALMA: Sawa.

KOMBO: Sawa. Fundi ananionyesha vidole viwili. Yamebaki manne.

SALMA: Soma la kidonda, hayo mengine yaache.

KOMBO: Mbwa akikuuma, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kamchanja. Na ile ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni ya najisi. Udongo usiutie kwenye kidonda.

SALMA: Wala mafuta ya taa.

KOMBO: Wala mafuta ya taa. Jambo la tatu—

SALMA: Hujaniuliza koko nimewaandikisha kwa majina gani.

KOMBO: Haya, majina gani?

SALMA: Yule mweupe ni Siwangu.

KOMBO: Jina la mbwa, Siwangu. Mwenye mbwa, Salma.

SALMA: Bwana mifugo safari hii hakubisha, kaandika tu.

KOMBO: Barazani kwa wazee hilo halitakuokoa, nakwambia.

SALMA: Na yule wa pili—

(Muziki.)