Wanne Kati ya Sita: Kompyuta na Jopo la Waonjaji

Asante, mwenyekiti. Wanaonifahamu humu ndani wanajua ninakoelekea, na wengine naona wameshaanza kutabasamu. Ratiba inasema nitazungumzia zana za kidijitali katika udhibiti wa ubora wa vyakula kwa hisi, yaani kwa kuonja na kunusa. Sawa, nitazizungumzia. Lakini kwanza nina habari ya watu wanne kati ya sita, na mkiona nachelewa kufika kwenye zana, mnivumilie.

Jaribio la pembetatu mnalijua. Kwa wageni tu: vikombe vitatu, viwili vina kitu kilekile, kimoja tofauti, mwonjaji akitaje kilicho tofauti. Kiwango cha ISO 4120 kinaeleza yaliyobaki, kisomeni wenyewe.

Kuna kiwanda kimoja cha mtindi, jina nitalihifadhi, kilibadilisha msambazaji wa vanila. Jambo la kawaida kabisa. Walikuwa na jopo la waonjaji sita, tableti sita, na programu ya mtandaoni wanayoilipia kila mwaka. Jumatatu wakalinganisha mtindi wa vanila ya zamani na wa vanila mpya. Waonjaji wanne wakakitaja kikombe sahihi. Programu ikapiga hesabu, ikaleta duara la kijani na maneno: "Hakuna tofauti." Jumanne wakarudia kwa toleo jingine, yaani mtindi uliotengenezwa kwa mkupuo mwingine: wanne tena, kijani tena. Jumatano vivyo hivyo. Mzigo ukatoka. Haikupita muda, wateja wakaanza kupiga simu kuuliza mtindi wao umefanywa nini. Meneja wa ubora akanifungulia ripoti zote tatu, safi, zina tarehe na saini, akaniuliza kompyuta ilikosea wapi.

Kompyuta haikukosea hesabu hata moja, na ndiyo maana nakaa hapa.

Mtu anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Sita wakibahatisha wote, uwezekano wa wanne au zaidi kupatia ni 73 kwa 729, kama 10 kwa 100. Mazoea yetu ni kudai usizidi 5 kwa 100. Kwa hiyo watu sita wanahitaji kupatia watano. Wanne hawafiki. Hadi hapo programu ina haki. Ila alichopaswa kuambiwa meneja ni kwamba ushahidi wa leo hautoshi. Aliyeandika programu akaona maneno hayo hayapendezi kwenye skrini, akaweka "hakuna tofauti" na rangi ya kijani juu yake. Mtu mwenye shughuli nyingi akiona kijani hasomi zaidi. Nani kati yetu husoma?

Sasa jumlisheni siku tatu. Wanne, wanne, wanne: 12 waliopatia kati ya majaribio 18. Kwa 18 kinachohitajika ni 10. Uwezekano wa kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha tu haufiki hata 1 kwa 100. Ni kama 4 kwa 1,000. Tofauti ilikuwepo, inapiga kelele, na data zote zilikuwa kwenye seva ileile, chini ya akaunti ileile. Hakuna aliyeiambia programu itazame siku tatu pamoja, kwa hiyo kila asubuhi ilisahau ya jana.

Najua kuna mtu anasema moyoni kwamba sita hao hao wakirudia siku tatu hawawi watu 18. Ni kweli, na ningekuwa natafuta ni wateja wangapi wataigundua tofauti, ningekukubalia. Lakini swali la kiwandani ni dogo zaidi: je, mtindi huu umebadilika? Kama wote wanabahatisha, kubahatisha kwa leo hakutegemei kubahatisha kwa jana, na hesabu inasimama.

Na nimalizie hapa, kisha tutaendelea, naahidi. Chukua tofauti ambayo nusu ya watu wanaigundua kweli. Hiyo si ndogo. Nusu ya wateja wako! Nusu hiyo itapatia, nusu iliyobaki itabahatisha, kwa hiyo wastani ni theluthi mbili ya majibu kuwa sahihi. Jopo la watu sita likitumia kanuni ya watano litaikosa tofauti hiyo mara 65 kati ya 100. Afadhali urushe sarafu, utaikosa mara 50 tu. Ukiwa na majibu 24, ambapo kinachohitajika ni 13, utaikamata zaidi ya mara 9 kati ya 10. Mtaniambia hakuna kiwanda chenye watu 24 wa kuonja saa nne asubuhi. Sijasema watu 24, nimesema majibu 24. Sita mara siku nne. Huhitaji hata programu ya kulipia. Excel inafanya hesabu hiyo kwa mstari mmoja, na wanaopenda kujiumiza kidogo watumie R, programu ya takwimu, pamoja na kifurushi chake cha sensR, ambacho ni bure na kitakuonyesha pia uwezekano wa kukosa tofauti. Namba hiyo ya pili ndiyo ningeipigania iwe juu kabisa ya kila skrini, kwa herufi kubwa, kabla ya rangi yoyote.

Haya, zana. Msidhani ninazichukia. Kompyuta ni karani hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, mradi tusimpandishe cheo awe mwonjaji. Jaribio la pembetatu lina mipangilio sita ya vikombe, na mkono wa binadamu ukipanga asubuhi umechoka, utaona kikombe tofauti kinaangukia katikati mara nyingi ajabu. Programu hugawa mipangilio yote sita sawasawa. Kadhalika namba za tarakimu tatu kwenye vikombe: nimekuta maabara inayotumia 247 mwaka mzima kwa sampuli ya kiwango, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo. Waonjaji walishaizoea, wakiiona wanatoa alama nzuri kabla ya kunusa. Programu hubadilisha namba kila kikao bila kulalamika.

Kisha kuna saa. Hili hampewi kwenye karatasi. Fungueni kumbukumbu za muda za jopo lenu, zile ambazo hakuna anayezifungua. Nimeona mwonjaji aliyemaliza sampuli tano, sifa nane kila moja, kwa muda usiotosha hata kuinua vikombe vyote mdomoni. Nimeona jopo zima likibonyeza "tuma" kwa pamoja dakika moja kabla ya mapumziko ya chai. Wastani wao ulikuwa mzuri kweli, ulikaa katikati ya mipaka. Programu ikauchora kwenye chati kama wastani mwingine wowote. Chombo cha bure kama PanelCheck kingewaonyesha mara moja nani anatofautisha sampuli na nani anaweka alama ileile kwa kila kitu, lakini lazima mtu akifungue, na lazima awe na ujasiri wa kumwita mhusika na kuzungumza naye.

Na ule mstari wa alama kwenye tableti! Watengenezaji wengi wanaweka kitufe cha kuburuta katikati ya mstari tangu mwanzo, kwa sababu kinapendeza. Mwonjaji mvivu anakiacha pale, na programu inapokea "wastani" kama jibu. Mwenye bidii naye anakivuta kidogo kushoto au kulia, haondoki mbali. Mstari uwe mtupu hadi kidole kiguse, na swali lisiruhusiwe kupita likiwa tupu. Wanaotumia fomu za bure za mtandaoni wachunguze jambo hili kwanza. Na wazime kabisa kile kipengele kinachomwonyesha mtu majibu ya wenzake akishatuma, maana wa kwanza kumaliza atamnong'oneza wa tatu.

Naona mkono kule nyuma. Najua unachotaka: pua ya kielektroniki. Sikuzote inakuja. Tangu watafiti Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick walipochapisha wazo hilo mwaka 1982 tumeahidiwa kwamba waonjaji watapumzika. Chombo chenyewe ni kizuri kwa kazi yake: kinasoma mvuke kwa vihisi kadhaa na kulinganisha umbo la ishara na maumbo kiliyofundishwa. Kilifundishwa na nani? Na jopo. Jopo likiwa limelala, pua nayo itajifunza usingizi. Halafu vihisi vinazeeka, unyevu wa hewa unavipotosha, na lazima virekebishwe kila mara. Tena zipo harufu ambazo pua ya mtu bado inatisha: TCA, ile inayoharibu mvinyo kupitia kizibo, watu huinusa kwa nanogramu chache tu kwa lita. Kitumieni kuchuja matoleo mengi kwa haraka. Uamuzi wa kutupa au kuuza uende kwa watu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matatu zaidi, nitayapitia mbio.

Sampuli ya kiwango: msilinganishe toleo la leo na toleo la jana. Kila siku tofauti itakuwa ndogo, kila siku kijani, na baada ya mwaka mna bidhaa nyingine. Sampuli ya kiwango ihifadhiwe vizuri, iwe na tarehe ya kuisha, na inapobadilishwa, ya zamani na mpya zionjwe pamoja kwanza.

Kuonja nyumbani kwa kiungo cha mtandao: inafaa kujua wateja wanapenda nini. Haifai kuamua toleo lipite au lisipite, kwa sababu hujui friji yake ina nyuzi ngapi, wala nini kinakaangwa jikoni.

Taarifa za afya: programu nyingi huwauliza waonjaji kuhusu mafua, ujauzito na mzio kabla ya kikao. Ulizeni zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na zinafutwa lini. Kama muuzaji hana jibu la sentensi mbili, zikae kwenye karatasi, kwenye kabati lenye kufuli.

Nimekula muda wa maswali, poleni. Yule wa pua ya kielektroniki aanze, ila atuambie kwanza jopo lake lina watu wangapi.