Kupanga sahani ya ugali ukiwa na kisukari

Karibuni tena jikoni. Leo chakula ni cha kawaida kabisa hapa Nairobi: ugali, sukuma wiki na maharage. Najua wengi wenu mlipogunduliwa na kisukari, jirani aliwaambia ugali umekwisha, sasa ni nduma tu. Si kweli. Nduma nayo ni wanga, ukijaza sahani sukari itapanda vilevile. Tatizo ni ule mlima wa ugali tunaopakua.

Tuanze kwa kupima sukari ya damu, kabla hata ya kuwasha jiko. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri. Kama umetoka kumenya embe, utamu uliobaki kidoleni utaifanya mashine isome namba ya juu ambayo si ya damu yako. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, hapa, siyo katikati. Ubavuni hakuumi sana. Watu wazima wengi huambiwa walenge kati ya 4 na 7 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kabla ya kula, na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula. Daktari wako akikupa namba tofauti, kwa mfano kwa sababu ya umri au ujauzito, shika zake. Mashine ikisoma chini ya 4, acha kupika kwanza. Koroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, kunywa, ngoja dakika 15, kisha upime tena. Ikipanda hadi 4 au zaidi ndipo ule.

Haya, mboga. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia sukuma, geuza, na uepue ingali kijani. Managu, terere (yaani mchicha) au kabeji ni sawa pia, nunua ile mama mboga aliyo nayo kwa bei nzuri.

Sasa sahani, na hapa ndipo nataka mtazame kwa makini. Acha ile kubwa ya wageni. Chukua yenye upana wa shibiri moja, yaani kama sentimita 23. Nusu nzima ya sahani naweka sukuma, na siiwachi itawanyike, naibana upande mmoja ili nione kweli imefika nusu. Robo ni maharage. Ungeweza kuweka omena, yai, samaki au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Lowesha mwiko, kata kipande, kilinganishe na ngumi yako. Kikizidi ngumi, rudisha kwenye sufuria. Mara ya kwanza kitaonekana kidogo hadi utanung'unika, lakini ukimaliza ile mboga yote utaona tumbo limeshiba.

Kuhusu unga: wa posho mill usiokobolewa ni afadhali kuliko ule mweupe laini, na wa wimbi au mtama ni mzuri pia. Lakini ugali wa kahawia si ruhusa ya kula ngumi mbili. Na siku ya githeri, yale mahindi ndiyo ugali wako, kwa hiyo chagua yenye maharage mengi na usiongeze chapati pembeni.

Jinsi ya kula. Anza na mboga na maharage, ugali uje mwisho, na sukari haitapanda kwa kasi ileile. Najua mtaniambia ugali ndio kijiko chetu, utachotaje sukuma bila tonge? Leo tumia uma. Kula angalau nusu ya mboga kwanza, halafu rudi kwenye matonge.

Kinywaji ni maji. Ukitaka utamu, kula chungwa zima, usilikamue, kwa sababu glasi moja ya juisi humeza machungwa kadhaa na nyuzinyuzi zake hutupwa. Chai nayo tuiangalie: vijiko viwili vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, hivyo ni vijiko sita, na maziwa yenyewe yana sukari yake. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Ukimaliza kula, usilale kwenye kochi. Tembea dakika kumi au kumi na tano, hata kama ni kuzunguka ploti.

Masaa mawili tangu tonge la kwanza, pima tena. Andika kwenye daftari namba ya kwanza, namba ya pili, na ulichokula. Namba ya pili ikizidi 10 mara kwa mara, punguza ugali mlo ujao uone tofauti, na daftari hilo uende nalo kliniki. Dawa usiziongeze wala kuziacha mwenyewe. Na wewe unayejidunga insulini, au unayemeza vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, zungumza na daktari kabla ya kupunguza wanga ghafla, maana kipimo chako cha dawa kilipangwa kulingana na mlo wa zamani.

Kwa wanaokula kibandani mchana, usione haya kuagiza: "Ugali nusu, sukuma mara mbili, na maharage." Ukiletewa ugali mzima, kata nusu mapema, kabla hujanawa mikono, na uombe ufungiwe.