Baba Naye Aulizwe: Herpesi na Mipango ya Kupata Mtoto

Kila ninapozungumzia jambo hili, swali la kwanza hutoka kwa mwanamke aliyeishi na herpesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, kwa miaka: “Daktari, nitazaa kweli?” Utazaa. Virusi hivi haviharibu mayai wala haviondoi uwezo wa kushika mimba. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu, vinaibuka, vinarudi kulala. Mama, wewe siye ninayemhofia zaidi, na nitalirudia hili mpaka nisikike.

Ninayemhofia ni mwanamke ambaye hajawahi kupata herpesi, ana mimba ya miezi minane, na mwenza wake ana virusi. Huyo akiambukizwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni asilimia 30 hadi 50. Kwa mwenye herpesi ya zamani, hata ile inayorudi mara kwa mara, hauzidi asilimia 3. Tofauti kubwa namna hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Mwili wa yule wa zamani umeshazitengeneza, nazo zimepita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Aliyeambukizwa juzi bado hana cha kumpa mwanawe, na virusi vimejaa kwenye njia ya uzazi.

Sasa kliniki anaulizwa nani? Mama peke yake! Akisema hajawahi kuumwa, tunaandika “hana tatizo” na kumwita anayefuata. Hapo ndipo ninapochoka. Jibu la “hapana” ndilo lilipaswa kutufanya tumgeukie baba.

Najua mtakachosema. “Mume wangu hajawahi kutoka kidonda.” Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu takriban milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana herpesi ya aina ya pili, ile ambayo kwa kawaida hukaa sehemu za siri, na wengi wao hawajui. Virusi hutoka kwenye ngozi hata pasipo kidonda. “Yeye ana vile vya mdomoni tu.” Hiyo kwa kawaida ni aina ya kwanza, nayo huhamia sehemu za siri kwa njia ya mdomo, na kwa mtoto mchanga ni hatari vilevile. “Nikimuuliza ataona namtuhumu.” Hapana, ndugu yangu. Maambukizi yanaweza kukaa kimya miaka mingi. Kidonda kinachotokea leo si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Mwambieni hivyo kabla ya kumuuliza, na mtaona anavyosikiliza.

Basi muulizane kabla ya mimba. Mmoja akijijua anayo, mwingine azungumze na daktari juu ya kipimo cha damu kinachotofautisha aina mbili za virusi. Sisemi kila mtu akimbilie maabara: kipimo hicho hukosea wakati mwingine, na maambukizi mapya huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mkiwa mnatafuta mtoto, acheni kujamiiana siku za vidonda, au hata ukihisi mwasho na mchomo wa kuashiria vinakuja. Mwenye virusi anaweza kunywa valasikloviri kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha dawa hiyo inapunguza maambukizi kwa mwenza karibu nusu. Na kama mama hana, baba anayo, miezi mitatu ya mwisho msikutane kabisa, wala kwa mdomo. Ni miezi mitatu tu, jamani!

Naona muda umenibana, haya mengine nayapitia haraka. Mwenye historia ya herpesi ya sehemu za siri kwa kawaida hupewa asikloviri, dawa ya kuzuia vidonda visirudi, kuanzia wiki ya 36 ya mimba. Uchungu ukianza na vidonda vipo, au dalili zake, atajifungua kwa upasuaji. Kama havipo, azae kawaida. Kunyonyesha ruksa, ila si kwenye titi lenye kidonda. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto, hata akiwa bibi yake.

Na katika wiki sita za kwanza, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa, degedege au malengelenge, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, na mtamke neno herpesi hata kama hamjaulizwa.