Maumivu Si Kipimo cha Jicho

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja afunike jicho la kushoto kwa kiganja, bila kulikandamiza, asome maandishi yaliyo ukutani mbele yetu. Haya, badilisheni, mfunike la kulia. Kama kuna aliyeona jicho moja limefifia kuliko jingine, au mstari ulionyooka umeonekana umepinda, huyo akapimwe wiki hii hii. Macho mawili husitiriana. Moja likianza kupoteza nuru, ubongo hutumia picha ya lile zima, na mwenyewe anaweza kukaa miaka bila kutambua. Kwa hiyo zoezi hili lifanyeni nyumbani kila mwezi, kwa kutazama kalenda au fremu ya mlango, jicho moja moja. Mwenye miwani aivae.

Leo nataka tuelewane juu ya jambo moja: katika jicho, maumivu si kipimo cha hatari. Konea, kile kioo angavu cha mbele, ina unene wa takriban nusu milimita, lakini imejaa ncha za neva. Ukikwaruzwa na ukucha wa mtoto mchanga utatoka machozi usiku kucha, na bado mkwaruzo mdogo kama huo kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 hadi 3. (Mkwaruzo wa jani au kijiti ni habari nyingine. Huo huweza kuingiza kuvu, kwa hiyo uonwe na daktari hata ukiwa mdogo.) Retina, utando unaopokea mwanga ulio nyuma kabisa, haina neva za maumivu. Inaweza kuvuja damu, kuvimba, hata kubanduka, nawe usisikie hata mwasho. Ndiyo maana mtu akisema "macho yangu hayaumi", bado hajatuambia kama ni mazima.

Chukueni presha ya jicho. Kwanza, si presha ya damu. Mtu aweza kuwa na hii bila ile. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa kila saa. Njia ya kutokea ikikwama, msukumo hupanda na kuumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo, yenye nyuzi zaidi ya milioni 1. Kiwango cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo ambao neva yao huharibika ndani ya kiwango hicho hicho. Basi usiridhike na namba peke yake. Mwombe daktari aitazame neva yenyewe. Ugonjwa huu hula pembeni kwanza. Mgonjwa hujikwaa ngazini, hugonga bega mlangoni, lakini bado anasoma herufi ndogo kabisa ubaoni. Kilichopotea hakirudi. Kuanzia miaka 40 pimwa hata kama unaona vizuri, na mapema zaidi kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anao. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa mapema zaidi na kwa ukali zaidi, hivyo wasisubiri.

Niseme neno kwa walio kwenye matibabu. Matone ya presha ya jicho hayakurudishii nuru. Yanalinda ile iliyobaki. Wengi huacha dawa kwa sababu hawaoni nafuu yoyote. Hapo hakuna nafuu ya kuonekana, na hali kubaki ilivyo ndiyo mafanikio yenyewe. Chupa ikikaribia kuisha, tafuta nyingine kabla hujakosa hata siku moja.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe retina siku za mwanzo tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya 1 apimwe ndani ya miaka 5 ya kwanza, kisha naye kila mwaka. Mwenye kisukari akishika mimba apimwe mapema, maana mimba huweza kuharakisha madhara. Na tusichanganye mambo: kupimwa miwani si kupimwa macho. Kipimo cha retina mara nyingi huhitaji matone ya kupanua mboni, ambayo huacha ukungu na kuogopa mwanga kwa saa 4 hadi 6 hivi. Siku hiyo usiendeshe gari, na chukua miwani ya jua ya kurudia nyumbani.

Mtoto wa jicho sitakaa nao sana. Ni lenzi iliyopata ukungu, na hakuna tone linaloiyeyusha, anayeuza tone hilo anauza maji. Tiba yake ni upasuaji wa kubadilisha lenzi.

Sasa tuje kwenye kemikali, na hapa nataka mnisikilize kwa makini kuliko pote. Chokaa, saruji mbichi na dawa za kuzibulia mabomba ni alikali, yaani kemikali zilizo kinyume cha tindikali. Tindikali, kama ya betri, hugandisha protini za juu ya jicho, na tabaka lile lililoganda huizuia kidogo isipenye zaidi. Alikali hugeuza mafuta ya chembe hai kuwa kama sabuni, ikaendelea kuzama ndani dakika baada ya dakika. Jicho lililoungua vibaya linaweza hata kuwa jeupe, kwa kuwa mishipa yake ya damu imekufa, na watu wakafurahi kwamba wekundu umeondoka. Huo weupe ni ishara mbaya.

La kufanya ni maji, papo hapo, kabla ya simu na kabla ya gari. Maji safi ya bomba yanatosha. Usipoteze muda kutafuta yaliyochemshwa. Inamisha kichwa, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasiingie kwenye lile zima. Mtu mwingine ashike kope kwa vidole na kuziachanisha, maana mwenyewe hawezi kulifumbua. Mimina polepole kutoka upande wa pua kuelekea nje kwa dakika 30, kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Mgonjwa azungushe jicho juu, chini, kulia na kushoto. Kama ni chokaa au saruji, vipande hujificha chini ya kope la juu na kuendelea kuchoma, basi vitoe kwa pamba iliyoloa. Mwenye lenzi za kuvaa ndani ya jicho aziondoe kama zinatoka kwa urahisi. Usimimine siki ili kupambana na chokaa. Mchanganyiko huo huweza kutoa joto na kuongeza jeraha. Baada ya hapo nenda hospitali hata kama maumivu yametulia, na ubebe chupa au mfuko wa ile kemikali.

Vumbi likiingia, usifikiche. Pepesa, vuta kope la juu lifunike la chini mara chache, kisha osha. Lakini kama kitu kimechoma na kuzama ndani ya jicho, usikitoe, usioshe, usibonyeze wala usifunge bandeji ya kukandamiza. Weka kikombe safi cha karatasi kama ngao, kiegemee mifupa inayozunguka jicho, na mgonjwa apelekwe. Mafundi wa kusaga na kugonga chuma ndio wanaoletwa zaidi na majeraha ya namna hii. Miwani ya kazi lazima izibe na pembeni, kwa sababu cheche haiji kutoka mbele peke yake.

Tuzungumzie namna ya kuweka matone, kwani dawa nzuri nyingi huishia shavuni. Nawa mikono. Tikisa chupa kama imeandikwa hivyo. Inua uso, vuta kope la chini lifanye kimfuko, tazama juu, angusha tone 1 bila ncha ya chupa kugusa ukope. Kimfuko kile hakibebi zaidi ya tone moja; la pili humwagika na kumaliza chupa yako mapema. Fumba taratibu bila kukaza, na ubonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Pale ndipo machozi hupitia kwenda puani, na dawa ikipita huko huingia mwilini. Matone ya presha ya jicho yenye dawa iitwayo timolol, kwa mfano, huweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua, naye amwambie daktari kabla hajaandikiwa. Kama una dawa mbili, zipishane kwa dakika 5, ya kupaka iwe ya mwisho. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28. Andika tarehe kwa kalamu juu ya chupa siku ile unayoifungua.

Na tafadhali sana, msiazimane matone. Yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, huondoa wekundu haraka na kumpa mtu raha, huku yakipandisha presha ya jicho, yakiharakisha mtoto wa jicho na kufanya vidonda vya virusi au kuvu vichimbe zaidi. Hapo tena jicho limeacha kuuma na linaharibika. Maji ya majani, mkojo na maziwa ya mama navyo visiingie jichoni, vinaweza kubeba vijidudu au kuunguza.

Jua halijali kama unasikia maumivu. Anayelitazama wakati wa kupatwa huunguza retina bila kuhisi, akagundua baada ya saa kadhaa kwamba kuna doa katikati ya kila anachotazama. Miwani ya jua ya kawaida haifai kwa kazi hiyo, itumike ile maalumu ya kutazamia jua, yenye kiwango cha ISO 12312-2. Kwa matembezi ya kila siku tafuta iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi hatari ya jua. Mwanga wa kuchomelea vyuma nao huchelewa kulipiza: macho huanza kuuma saa 6 hadi 12 baadaye, usiku wa manane.

Skrini ni kinyume chake. Zinachosha, zinawasha, lakini hazipofushi. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, na mbele ya skrini hupungua sana, machozi yakakauka. Iweke umbali wa sentimita 50 hadi 70, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Hela ya miwani ya kuchuja mwanga wa bluu itunzeni.

Kwa watoto, saa 2 za kucheza nje kila siku hupunguza uwezekano wa kuanza kutoona mbali. Mboni ikionekana nyeupe kwenye picha, au makengeza yakiwapo baada ya miezi 4, mpelekeni bila kungoja akue. Mboni nyeupe inaweza kuwa saratani.

Mwisho, mambo ya kukimbizwa siku ile ile: nuru kuzimika ghafla, cheche za mwanga na vidoa vingi vipya vinavyoelea, au kivuli kama pazia, hata kama hakuna maumivu, kwani retina huenda inabanduka na saa zina thamani; na pia jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Ukifika mapokezi, usiseme tu "jicho linasumbua". Sema ni jicho lipi, lilianza saa ngapi, unaona nini ambacho jana hukukiona, na uwape dawa zote unazotumia wazione.